Maswali ya wasomaji: diskasi, pH na haraka zetu

Safari hii barua karibu zote ni za diskasi, yule samaki wa mapambo mwenye mwili bapa kama sahani, sijui kuna nini. Zilizofanana nimezijibu kwa pamoja, zingine nimezifupisha kidogo, msinikasirikie.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nafuga gapi na wanazaana mpaka nagawa bure, sasa nataka nipande daraja nifuge diskasi. Nimepata tangi la lita 120, naanza na wawili tu nisijibane sana. Aliyeniuzia tangi anasema nijaze maji leo samaki niweke kesho. Hapo niko sawa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hauko sawa ila uzuri ni kwamba samaki hujaweka bado. Kwanza hiyo idadi. Diskasi ni samaki wa kundi na kwenye kundi lao lazima awepo mkubwa na wa mwisho, sasa ukiweka wawili yule mnyonge ndo anabeba ubabe wote peke yake, atakimbizwa kwenye chakula mpaka akonde. Wakiwa sita kuendelea ubabe unagawanyika, kila mmoja anapata kidogo maisha yanaenda. Na huyu sio gapi, akikomaa anafika sentimita 15 hadi 20 na mwili wake umesimama kwenda juu, kwahiyo wafugaji wengi wanapiga hesabu ya lita 40 kwa kila samaki mzima. Sita ni lita 240. Tafuta tangi la kuanzia 250 na kimo kisipungue sentimita 50 hivi.

Maji ya lita 250 ni kilo 250 na hapo bado kioo, bado mchanga, bado stendi yenyewe, kwahiyo ile meza ya tivii isahau kabisa. Stendi iwe imara na imelala sawa, pima kwa pima maji ya fundi, na lisikae mahali jua linapiga moja kwa moja maana mwani utakushinda.

Sasa ya kuweka samaki kesho. Samaki anatoa amonia kwenye kinyesi na kwenye matamvua, amonia inamuunguza. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, hiyo nayo ni sumu, alafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo inavumilika ikiwa chini na unaitoa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina hao bakteria, ni kioo na maji tu, na kuwakuza kawaida inachukua wiki 4 hadi 6 bila samaki, unawalisha amonia kidogo isiyo na sabuni wala manukato, au hata chakula cha samaki kinachooza humo ndani, huku filta na hita vinafanya kazi. Siku ukitia amonia ya miligramu 2 kwa lita alafu kesho yake ukipima amonia 0 na nitriti 0, hapo tangi limeiva. Ila wewe una gapi, yani una sponji chafu ya filta iliyojaa hao bakteria, na sponji chafu ni mali! Kama gapi wako hawaumwi chukua kipande uweke kwenye filta mpya, muda utapungua sana. Hilo la lita 120 usiliuze, litakuwa la karantini. Kila samaki mgeni akae humo wiki 4 kabla hajaonana na wenzake.

Hita weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, jumla yake karibu wati 1 kwa kila lita, ili moja ikifa nyingine inashikilia na moja ikigoma kuzima haiwezi kuwachemsha wote peke yake. Joto ni digrii 28 hadi 30. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kwahiyo pampu ya hewa sio urembo, iweke.

Swali: Habari za kazi. Nilisoma diskasi anataka pH 6, yani maji yenye asidi kidogo, maji yangu ni 7.6. Nanunua dawa ya kushusha, asubuhi natia inafika 6.2, jioni napima ni 7.4, natia tena. Sasa samaki wamekuwa weusi wamejibanza kona moja hawali. Niongeze dozi?

Jibu: Hapana ndugu yangu, hiyo chupa weka pembeni, wala usiifungue tena. Samaki wako hawaumizwi na 7.6, wanaumizwa na kupandishwa na kushushwa kila siku. Maji yako yana kabonati nyingi, ndo ile inayoitwa KH, na kazi yake ni kuimeza asidi unayotia. Unatia, inashuka, kabonati inaimeza, pH inarudi palepale, na mwenye kuhangaika ni samaki. Ule weusi ni dhiki, diskasi akiwa na hofu au maji mabaya anakuwa mweusi na mistari yake inakolea.

Hiyo pH 6 ilitokea wapi? Kwao ni bonde la Amazon, na mto kama Rio Negro maji yake ni laini, yani yana madini machache, yana asidi na rangi ya chai. Kwa diskasi aliyevuliwa mtoni hayo ni mambo ya kuzingatia. Lakini wengi wanaouzwa ni wa kufugwa, wazazi wao na wazazi wa wazazi wao wamezaliwa kwenye vioo, na hao 7 mpaka 7.5 wanakaa vizuri tu mradi isicheze cheze. Mimi naona hii namba 6 imeua diskasi wengi kuliko maji magumu yenyewe. Ukitaka wazae hapo sawa, maji laini yanasaidia maana kwenye maji magumu mayai mengi hayaanguliwi, na njia ni kuchanganya na maji yaliyochujwa kwa RO, yani ile mashine ya kuchuja inayotoa madini, sio kumwaga asidi.

Kagua pia kilichomo ndani ya tangi. Magamba ya bahari, matumbawe na mawe ya chokaa yote yanapandisha pH. Jiwe usilolijua lidondoshee siki, likitoa povu litoe nje. Na pima amonia leo leo, kwasababu pH na joto vikiwa juu amonia ileile inakuwa kali zaidi.

Swali: Maji ya bomba nikiyalaza usiku kwenye ndoo yanatosha? Na nibadilishe mara ngapi?

Jibu: Inategemea mamlaka ya maji ya kwako wanatia nini. Kama ni klorini ya kawaida ndoo iliyo wazi inasaidia, hasa ukiweka na pampu ya hewa. Kama ni kloramini, unaweza kuyalaza wiki nzima na bado ipo, hapo lazima dawa ya kutibu maji, na chagua inayoshika amonia pia maana kloramini ikivunjwa inaacha amonia. Kubadilisha, wakubwa wape asilimia 30 hadi 50 kila wiki, wadogo wanaokua kila siku au kuruka siku moja, wanakula sana na wanachafua sana. Nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Maji mapya yawe na joto lilelile la tangi. Sponji ya filta ikamulie kwenye maji uliyotoa tangini, ya bomba yataua bakteria wako wote.

Swali: Mume wangu anasaga moyo wa ng'ombe anawapa samaki, blenda yangu ndo hiyohiyo. Juzi mmoja anatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi. Ni huo moyo?

Jibu: Dada, la blenda mwambie anunue ya kwake, hapo niko upande wako kabisa. La moyo, ni desturi ya siku nyingi kwa wafuga diskasi, wadogo wanakua haraka nao, ila lazima mafuta na mishipa vitolewe vyote na mabaki yatolewe dakika chache baada ya kula la sivyo maji yanaharibika. Usiwe chakula cha kila siku, achanganye na punje za diskasi, minyoo myekundu ya barafu na uduvi wa maji chumvi. Kinyesi cheupe kinaweza kuwa tumbo tupu tu, lakini akiwa hali, amekonda paji la uso na amekuwa mweusi, mara nyingi ni vimelea vya utumbo. Mtenge tangi lake. Dawa inayotumika sana ni metronidazoli, dozi umuulize daktari wa mifugo anayejua samaki, sio jirani.

Swali: Naweza kuchanganya na goldifishi?

Jibu: Hapana. Goldifishi anataka maji baridi. Weka kadinali tetra au koridorasi aina ya sterbai, hao joto wanalimudu.

Swali: Wangu wametaga kwenye bomba la filta! Niwatoe wazazi wasile mayai?

Jibu: Hongera, na usiwatoe. Watoto wa diskasi wakianza kuogelea wanakula ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama, utawaona wamewang'ang'ania ubavuni, na mzazi mmoja akichoka anajikung'uta wanahamia kwa mwenzake. Ukiwatoa wazazi, wengi watakufa njaa. Mayai yanaanguliwa siku ya 3 hivi, siku 2 au 3 mbele wanaogelea, na baada ya kama wiki unaanza kuwaongezea watoto wa uduvi walioanguliwa punde. Mayai yanayogeuka meupe yameharibika. Wazazi wapya mara nyingi wanayala yote uzao wa kwanza hata wa pili, waache wajifunze, watataga tena. Usiku waachie taa hafifu wawaone watoto, na huo mdomo wa filta uvalishe sponji leo, kabla hawajaanguliwa, maana wapo mlangoni kabisa.