Swali la Lugha: Je, wapinzani wote wa soka ni watani wa jadi?

SWALI: Ninatafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hivi karibuni niliandika muhtasari wa filamu ya Escape to Victory, ambamo wafungwa wa vita wanacheza kandanda na timu ya Wajerumani, nikaziita timu hizo mbili "watani wa jadi". Mwenzangu amelikataa neno hilo bila kunieleza kosa liko wapi. Naomba pia kujua kama anayechezesha mechi aitwe refa au mwamuzi. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mwenzako amekukosoa kwa haki, na kosa lenyewe linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu siku hizi limeenea sana katika habari za michezo.

Mtani si kila mtu tunayeshindana naye. Utani ni uhusiano unaotambuliwa na jamii, unaompa mtu ruhusa ya kumkejeli mwenzake, kuchukua kitu chake mbele ya watu, hata kusema msibani maneno ambayo mwingine angeyasema angefukuzwa, na aliyetendewa hayo hana haki ya kukasirika. Tena mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kusaidia kazi za mazishi pale wafiwa wanapolemewa na majonzi. Upo utani wa babu na mjukuu, upo wa mashemeji, na upo wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao huhusishwa na misafara ya biashara iliyokuwa ikiteremka pwani katika karne ya 19. Neno "jadi" linaongeza sharti jingine, kwamba uhusiano huo uwe umerithiwa kutoka kwa waliotutangulia.

Kwa hiyo Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa usahihi kabisa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zina mizizi yao Kariakoo, na si ajabu nyumba moja ya Dar es Salaam kuwa na mashabiki wa pande zote mbili, wanaozomeana jioni ya mechi na kula sinia moja usiku huo huo. Kenya nako, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inajulikana kama Dabi ya Mashemeji, jina linalotokana na kuoleana kwa Wajaluo na Waluhya, jamii ambazo klabu hizo zina asili yake. Ninaona fahari kubwa kwamba wasemaji wetu, walipohitaji jina la ushindani wa mpira, walilichukua kutoka kwenye udugu na wala hawakulitafuta vitani.

Sasa itazame filamu yako. Iliongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1981, na ndani yake wamo Michael Caine na Sylvester Stallone pamoja na wachezaji halisi, akiwemo Pelé na Bobby Moore. Timu ya wafungwa imeundwa kambini kwa ajili ya mechi moja itakayochezwa Paris, mji ulio chini ya majeshi ya Ujerumani. Jadi iko wapi hapo? Na utani utatoka wapi, ikiwa upande mmoja unaulinda mwingine kwa bunduki na wachezaji wanaumizwa makusudi huku mwamuzi akifumba macho? Hawa ni maadui kwa maana kamili ya neno hilo, na mtafsiri asiogope kulitumia.

Hata hivyo, filamu hiyo inakudai uangalifu zaidi, kwa sababu uadui hauko sawa kwa kila mhusika. Meja Steiner, ofisa wa Kijerumani aliyebuni mechi hiyo, aliwahi kuwa mchezaji, na Pelé anapofunga kwa tikitaka yeye anasimama na kupiga makofi katikati ya wakubwa wenzake. Kwa nahodha wa wafungwa, mtu huyo ni adui kwa sababu ya vita, lakini kwa upande wa mpira ni mpinzani. Mpinzani ni yule aliye upande wa pili wa shindano, na neno hilo halibebi chuki wala undugu, ndiyo maana linafaa mahali pengi.

Hasimu ni neno jingine tena. Limetoka katika Kiarabu, ambako lilimhusu mtu mwenye madai dhidi ya mwenzake, na katika Kiswahili bado linadokeza ugomvi wenye sababu na kinyongo kinachodumu. Ukitaka kuliona likikaa mahali pake, tazama The Damned United ya mwaka 2009, inayomhusu Brian Clough, aliyeinoa Leeds United kwa siku 44 tu mwaka 1974. Katika filamu hiyo, Don Revie, kocha aliyemtangulia pale Leeds, anampita Clough bila kumsalimu, na kisirani cha siku ile kinamfuata Clough hadi kwenye kiti alichokiacha Revie. Hao waite mahasimu.

Kuhusu swali lako la pili, maneno yote mawili ni sahihi, ila hayakai sehemu moja. "Mwamuzi" ni neno zuri mno, kwa kuwa kitenzi "amua" kinabeba kukata shauri na pia kutenganisha wanaopigana, kazi ambazo mtu huyo huzifanya zote ndani ya dakika 90. Litumie katika muhtasari na katika sauti ya msimulizi. Lakini mchezaji aliyechezewa rafu hanyanyui mikono akalia "Mwamuzi!", wala sijawahi kumsikia shabiki akipaza sauti hivyo, wote huita "Refa!". Mazungumzo ya wahusika yafuate vinywa vya watu, na ukihitaji wingi andika "marefa".

Muhtasari wako basi unaweza kusomeka hivi: "Wafungwa wa vita wanakubali kucheza na timu ya maadui zao mjini Paris, mbele ya mwamuzi anayewapendelea wapinzani, huku wakipanga kutoroka."