Programu ikikwambia mama na mwanae ni ndugu wa baba na mama mmoja

Juzi saa tano usiku mdogo wangu mmoja yuko masters kanitumia meseji: "Dada, nimepata undugu wa -0.12 kati ya tembo wawili, data zangu zimeharibika?" Hazijaharibika. Undugu hapo ni namba ya kukadiria wawili wanavyofanana kwa DNA, na hasi maana yake hao wawili wanafanana kidogo kuliko tembo wowote wawili wa kundi lako ukiwachukua tu bila kuchagua. Kalale.

Ila alinirudisha mbali. Mimi nilizunguka Mikumi miezi naokota kinyesi cha tembo, nikatoa DNA, nikasoma maikrosatelaiti 10 (vipande vya DNA vinavyojirudiarudia; mahali pa kila kimoja tunapaita lokasi, na matoleo yake aleli, moja ya mama moja ya baba), nikaingiza kwenye ML-Relate, programu inayopanga kila jozi mafungu manne: mzazi na mtoto, ndugu wa baba na mama mmoja, wa mzazi mmoja, au sio ndugu kabisa. Nikaprinti jedwali, nikaenda mbele ya jopo kifua mbele. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye mstari mmoja akasema, "Binti, hawa unasema ni ndugu wa baba na mama mmoja, mbona kwenye daftari lako umeandika huyu ananyonya kwa huyu?" Ukumbi kimya. Mpaka leo nikikumbuka uso unawaka.

Kilichotokea ni hivi, mtoto lazima afanane na mama yake angalau aleli moja kila lokasi, ndugu wa baba na mama mmoja si lazima, na undugu ni 0.5 kwa aina zote mbili kwa hiyo namba peke yake haikuokoi. Sasa DNA ya kinyesi imeshachakaa, PCR (kunakili DNA maabara ili isomeke) ikasoma aleli moja ikaacha nyingine, mama mwenye aleli za urefu wa 142 na 150 akatoka ana 142 tu wakati ndama kairithi ile 150. Lokasi moja tu isiyolingana, umama wote ukafutwa!

Kwa hiyo rudieni PCR jamani, hasa sampuli inayoonyesha aleli moja, mimi nilirudia zote nikilia. Kabla ya kuamini kipimo chochote tengeneza jozi za kubuni kwa programu ya COANCESTRY uone lokasi zako zinaweza kutofautisha nini. Na rudieni PCR. Tembo wa Amboseli, Kenya, wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, mama anajulikana kabla kompyuta haijawashwa, halafu wewe unadharau daftari lako la porini? Tusiwe wavivu, hawa wanyama hawana mwingine wa kuwasemea ukoo wao.

Mdogo wangu nimemwambia kesho anitumie faili la genotaipu (aleli za kila tembo), naanza na lokasi zenye homozaigoti nyingi, yaani tembo wanaoonyesha aleli ya aina moja tu.