Ukurasa Usio na Maagizo ya Mteja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huchora vielelezo vya vitabu vya shule. Kazi za wateja nazikamilisha kwa wakati, lakini michoro yangu mwenyewe, niliyokuwa nikiichora kila usiku nilipokuwa kijana, nimeiacha kwa miaka mingi. Nikifungua daftari, naukodolea macho ukurasa mtupu hadi nalifunga. Nirudi vipi? – Mchoraji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Barua yako inaonyesha kwamba kuchora unaweza. Kilichokwama ni kuchora pasipo kuagizwa. Mchoraji wa vitabu vya shule hukaa mezani akiwa ameshaambiwa achore nini, kwa ukubwa gani na kwa ajili ya mtoto wa darasa lipi, na akishazoea hivyo, ukurasa usio na maagizo humwelemea, kwa sababu sasa ni yeye anayepaswa kusema anataka nini.

Katika jambo hili humkumbuka Philip Guston, msanii wa Marekani aliyejipatia jina kwa picha za rangi zisizoonyesha umbo la kitu chochote, kisha katikati ya miaka ya 1960 akaacha kupaka rangi kwa muda, akabaki na makaa, brashi na wino. Karatasi nyingine aliiwekea mstari mmoja au miwili tu, nyingine akachora kitabu. Mnamo 1968 alikuwa amerudi kwenye rangi kwa kutumia vibao vidogo, akichora vitu vya kawaida kama kiatu, saa na balbu. Alipoonyesha picha kubwa zilizotokana na kazi hiyo mjini New York mwaka 1970, wahakiki wengi walimshambulia vikali, ilhali leo ni miongoni mwa kazi zake zinazoheshimiwa zaidi. Kinachonigusa ni kwamba hakungoja wazo kubwa limjie ndipo ashike brashi.

Nawe usilingoje. Weka kando tableti yako ya kuchorea kwa sasa, maana urahisi wake wa kufuta humrudisha akilini yule mhariri wa vitabu anayekuchungulia begani. Chukua kalamu ya wino na karatasi za bei nafuu, uchore sufuria iliyoko jikoni kwako: ukingo wake uliobonyea, na pale masizi yanapokoma na alumini kuanza kung'aa. Kesho yake ichore tena. Fanya hivyo asubuhi, kabla hujagusa kazi ya mteja, kwa kuwa jioni jicho huwa limeshachoka na limeshajaa matakwa ya wengine. Usimwonyeshe mtu, wala usiiweke mtandaoni. Sifa nazo ni aina ya agizo.

Usijaribu pia kuufufua mtindo wako wa ujanani, kwani mkono wako umejifunza mengi tangu wakati huo. Karatasi zikishakuwa rundo, zitandaze sakafuni, utafute umbo au kitu ambacho umekirudia bila kuombwa na yeyote, na picha yako ya kwanza kubwa ianzie hapo.