Mchumba wangu ni AS, mdogo wangu ana selimundu

*Shangazi, nina miaka 26 na mahari imeshapokelewa. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu (SS). Mimi na wazazi hatujawahi kuumwa. Mchumba wangu alipimwa, akaambiwa ni AS (anabeba jeni moja ya selimundu, S, na moja ya kawaida, A, bila kuumwa). Mama anasema kwetu ile "robo" ya uwezekano wa kupata mtoto SS ilishamwangukia mdogo wangu, basi mimi sina kitu. Ni kweli? – Bibi Harusi Mtarajiwa*

Mwanangu, hapo mama amekosea hesabu. Robo si fungu la nyama kwamba likishachukuliwa limekwisha. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Mdogo wako alipata S moja kwa baba na nyingine kwa mama, na kwa kuwa wao hawaumwi, wote wawili ni AS. Mtoto wao anaweza kutoka kwa njia nne zenye uzito sawa: AA, AS, SA au SS. Wewe SS huna; ungeugua tangu utotoni. Ifute hiyo. Zimebaki njia tatu, na mbili kati yake zina S, kwa hiyo uwezekano wa wewe kuwa AS ni 2/3, si nusu kama wengi wanavyokisia. Zidisha kwa robo ya wazazi wawili AS: 2/3 × 1/4 = 1/6, ndio uwezekano wa mtoto SS kwa kila mimba.

Lakini hiyo 1/6 ni ya asiyepima. Ukipimwa ukakutwa AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS, ingawa nusu wanaweza kubeba S. Ukikutwa AS, ni 1/4 kila mimba. Kwa watoto wawili, uwezekano wa wote kuwa salama ni 3/4 × 3/4 = 9/16; yaani 7/16 kwamba angalau mmoja ataugua. Karibu nusu! "Robo" inasikika ndogo mpaka uihesabu hivyo.

Omba kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachotenganisha aina za himoglobini zilizo kwenye damu. Baadhi ya vile vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo, havitofautishi AS na SS. Kama uliongezewa damu ndani ya miezi minne iliyopita, sema, maana damu ya mchangiaji hupotosha majibu. Na usichanganye: "A" kwenye kadi ya kundi la damu si AA.

Pima kabla kadi za harusi hazijachapishwa. Mkiwa wote AS na bado mkaamua kuoana, ni haki yenu, ila kila mtoto apimwe anapozaliwa, ili akiwa SS aanzishiwe penisilini kabla ya miezi mitatu.