Waanzie wapi kujitolea?

Dada, kwa hao wanafunzi wako kumi wa chuo wanaotaka kujitolea mtaa wa Tudor, Mombasa, na hawajui waanzie wapi: wasianze kwa kuchapisha fulana. Waende kwanza kwa chifu au mzee wa mtaa, na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya wanafunzi, wamuulize kuna kundi gani tayari linafanya kazi. Wajiunge nalo. Kundi jipya la wanafunzi hufa likizo ikifika.

Wakichagua usafi wa ufuo, waangalie jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kupanga siku. Siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana) maji hupwa katikati ya asubuhi, mwendo wa saa nne, kwa hiyo waingie saa mbili na nusu wakifuata maji yanavyotoka. Glavu nene, magunia (ya nailoni nyepesi hupasuka kwa vioo), na mtungi mgumu wenye kifuniko kwa sindano. Sindano mtu asiiokote kwa mkono. Kinachoharibu kazi ni magunia kuachwa ufuoni "yatachukuliwa kesho": maji yakijaa, taka zinarudi baharini. Mkokoteni au lori lipatikane kabla, na wajue zinapelekwa wapi.

Kupanda mikoko wasubiri. Bila mwenyeji anayejua kina cha maji, miche hupandwa sehemu ya chini mno ya ufuo na kufa. Tena misitu hiyo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), ruhusa inatakiwa.

Muda wa saa mbili kila Jumamosi ya pili unawatosha kwa muhula mzima.