Reli za Alumini na Kioo: Majibu kwa Wasomaji

Shikamooni mafundi. Roshani yangu ya ghorofa ya pili ina vioo vya tempa vya milimita 12 vilivyoshikwa na nguzo za alumini. Asubuhi moja tumekuta kioo kimoja kimemwagika chini, chembe tupu, na hakuna aliyekigusa. Fundi anasema ni jua. Ni kweli? Na nirudishie kioo gani?

Marahaba. Jua linaweza kusukuma, lakini mara nyingi ubaya ulikuwa ndani ya kioo tangu kiwandani, au kwenye namna kilivyofungwa.

Kioo cha tempa hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla. Ngozi yake ya nje hubaki imebanwa na moyo wake hubaki unavutwa. Hapo ndipo kinapopata nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida, na hapohapo ndipo penye udhaifu wake: jeraha likifika moyoni, kioo chote huenda kwa pamoja. Chembe ya nikeli salfaidi, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, inaweza kukaa ndani na kutanuka polepole kwa miezi au miaka mpaka ipasue kioo. Vipande vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu, tafuta mahali mipasuko inapoanzia. Ukiona katikati ya kioo vipande viwili vikubwa kuliko wenzake, vimepakana kwa mstari mmoja mfano wa mabawa ya kipepeo, chembe hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mipasuko ikianzia ukingoni au kwenye tundu la bolti, jua kwamba kioo kiligusana na chuma: mpira umechomoka, au mtu amekaza bolti bila washa ya nailoni.

Viwanda vinaweza kuvioka upya vioo vya tempa, kwa kiwango cha Ulaya EN 14179, kwenye joto la karibu nyuzi 260 kwa saa mbili, ili vyenye chembe vipasukie hukohuko. Hatari hupungua sana lakini haiishi. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kioo cha roshani si kama kitapasuka. Uliza: kikipasuka, ni nini kitabaki kati ya mtoto na ardhi?

Kwa roshani yako jibu letu ni kioo cha laminati, yaani vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati. Kimoja kikivunjika, vipande hubaki vimenata na cha pili husimama. Kanuni za mfano za ujenzi za Marekani, IBC, tangu toleo la 2015 zinataka laminati kwenye reli za kioo. Tempa peke yake inaruhusiwa pale tu ambapo chini hakuna mahali pa kupita watu, au pamekingwa kabisa dhidi ya vioo vinavyoanguka.

Kuna tahadhari ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Vioo viwili vya tempa vyenye utando laini wa PVB, vikipasuka vyote viwili kwa pamoja, hulala kama shuka iliyolowa. Kioo kikiwa kimeshikwa chini peke yake bila mkono wa reli juu, huinama kikatoka. Ukitaka muundo huo usio na reli ya juu, agiza utando mgumu wa aionoplasti. La sivyo, weka reli ya juu inayounganisha vioo vyote, na nguvu ya kilichovunjika ibebwe na jirani zake. IBC inataka reli hiyo ishikwe na vioo visivyopungua vitatu, au ishikiliwe kwa njia nyingine ili isianguke kioo kimoja kikivunjika.

Jambo la mwisho: mwambie fundi asitumie silikoni inayonuka siki. Asidi yake hula utando, na baada ya muda utaona ukungu mweupe ukitambaa kutoka ukingoni. Silikoni isiyo na asidi ndiyo inayofaa. Kama kioo kimesimama ndani ya mfereji wa alumini, mfereji uwe na matundu ya kutolea maji, kwa sababu maji yakituama humo nayo huleta ukungu uleule.

Mkaguzi amekataa reli yetu kwa sababu ya milimita 65 tu. Nguzo tulizipima wenyewe, zilikuwa na 1100 kamili. Tumekosea wapi?

Mlipima kutoka kwenye zege tupu. Kimo huhesabiwa kutoka sakafu iliyokamilika, pale unyayo unapokanyaga. Mkiweka milimita 50 za mchanga na saruji ya kusawazisha, kisha 15 za kigae na gundi yake, 1100 imekuwa 1035. Nguzo hukatwa baada ya kujua unene wote wa sakafu, si kabla.

Vimo vinatofautiana, kwa hiyo soma kanuni za mahali unapojenga. Uingereza inataka milimita 1100 kwenye roshani za nje na 900 kwenye ngazi za ndani ya nyumba. Marekani, IBC inataka inchi 42, yaani karibu milimita 1067, na nyumba za familia moja huruhusiwa inchi 36. Australia ni milimita 1000, na 865 kwenye ngazi.

Mkiwa mnarekebisha, pimeni na nafasi. Uingereza mpira wa kipenyo cha milimita 100 haupaswi kupenya popote, Marekani ni inchi 4, na Australia ni milimita 125. Kipimo hiki kinamlenga mtoto mdogo anayeweza kupitisha kiwiliwili kisha akanasa kichwa. Watu hupima kati ya vioo wakasahau chini ya kioo, na husahau zaidi nafasi ya mwisho, kati ya nguzo na ukuta. Fundi akiwa amegawanya nguzo kwa kukadiria, makosa yote huishia hapo.

Mtoto asipate pia pa kukanyaga. Australia hukataza chochote cha kupandia kati ya milimita 150 na 760 kutoka sakafuni pale anguko linapozidi mita 4. Reli yenye mabomba ya mlalo ni ngazi kwa mtoto, na chungu cha maua kilichosukumwa karibu na kioo ni ngazi vilevile.

Fundi wangu anapendekeza nguzo za alumini za 50 kwa 50, unene milimita 2, zikiwa mbalimbali mita 1.2, na bolti kwenye vigae. Anasema alumini ni imara, nisiwe na wasiwasi. Nisiwe nao?

Uwe nao, ndugu yetu. Tuifanye hesabu hii wazi, kwa sababu reli nyingi huharibikia hapa kabla kioo hakijaguswa.

Chukua mzigo wa Uingereza kwa roshani ya nyumba ya kuishi: kilonyutoni 0.74 kwa kila mita, ukisukuma juu kabisa. Kwa nafasi ya mita 1.2 kila nguzo inapokea kilonyutoni 0.89, karibu uzito wa kilo 90. Zidisha kwa kimo cha mita 1.1 na shina la nguzo linapata kani ya kupinda ya kilonyutoni-mita 0.98.

Nguzo yako ya milimita 2 chini ya mzigo huo itainama juu karibu milimita 38. Kiwango cha Uingereza cha reli, BS 6180, kinaruhusu 25. Hata ya milimita 3 itainama karibu 27, imepitiliza kidogo, mpaka usogeze nguzo ziwe mita 1 ndipo ishuke hadi 22 na ushee. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini kwa umbo lilelile hupinda mara tatu ya chuma. Ndiyo maana nguzo nzuri za alumini huwa nene, au huwa na kipande cha chuma kilichopenyezwa ndani ya shina. Kama shina limechomelewa kwenye bamba la chini, uliza zaidi: moto wa kuchomelea hulegeza alumini iliyokomazwa, ikapoteza hata nusu ya nguvu yake, tena mahali palepale panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote.

Sasa bolti. Bamba la milimita 120 lenye bolti nne: bolti mbili za ndani huvutwa juu, na bamba hubonyea ukingo wa nje. Umbali kati ya bolti hizo na ukingo huo ni kama milimita 90. Gawa 0.98 kwa 0.09 upate kilonyutoni 10.9, yaani 5.4 kwa kila bolti, karibu kilo 550 zikiing'oa moja kwa moja. Hapo hujaweka akiba ya usalama. Kigae na saruji ya kusawazisha havina uwezo huo, hupasuka vikanyanyuka. Bolti ya M12 ya gundi kwa kawaida huzama milimita 110 ndani ya zege lenyewe, bila kuhesabu kigae. Tundu hupulizwa, hupigwa brashi, hupulizwa tena. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi, na bolti hutoka kwa mkono. Ukingo wa zege ukiwa karibu, bolti huondoka na kipande cha zege, kwa hiyo umbali kutoka ukingoni usipungue alioandika mtengenezaji wa bolti.

Kwa ukumbi au baraza la watu wengi usitumie hesabu hii kabisa. Mzigo huko hupanda hadi 1.5, na penye msongamano hadi 3.0 kwa mita, mara nne ya nyumbani. Hapo mwite mhandisi.

Bolti zetu zinatoa kutu na alumini inayozizunguka inatoa unga mweupe. Tupake rangi?

Rangi itaficha tu. Chuma cha kawaida na alumini vikigusana kwenye unyevu, hasa wenye chumvi, alumini huliwa. Badilisha bolti moja moja, weka za stenlesi daraja la A4, na utenganishe na alumini kwa washa na bomba la nailoni. Saruji mbichi nayo huunguza alumini, kwa hiyo bamba la chini liwekewe kitenganishi. Kama unga umekula zaidi ya uso na alumini imekonda, badilisha nguzo.

Nimehamia nyumba yenye reli ya kioo inayotikisika. Nitaijaribuje?

Usiijaribu kwa kuegemea. Zuia watoto na wageni kwanza, kwa kamba au meza nzito upande wa ndani, mbali na kioo isije ikawa ngazi. Kisha kaa sakafuni, mtu mwingine asukume nguzo taratibu kwa kiganja akiwa amesimama mbali na ukingo, wewe uangalie bamba la chini. Bamba likiinuka, tatizo ni bolti au kilicho chini yake. Bamba likitulia na nguzo ikapinda, nguzo ni nyembamba. Vyote vikitulia na kioo ndicho kinachocheza, vishikizo vimelegea au mpira umekauka.

Tafuta pia muhuri kwenye pembe ya kioo. Cha tempa kwa kawaida huwa na chapa yenye namba ya kiwango, kwa mfano EN 12150. Cha laminati utakitambua ukingoni kwa mstari mwembamba wa utando kati ya vioo viwili. Usipoona chapa wala mstari, kichukulie kuwa kioo cha kawaida, chenye kuvunjika kwa visu virefu, na usiondoe kile kizuizi cha ndani mpaka kioo kimebadilishwa.