Dagaa wangu na mkutano wa "saa nne kamili"

Nakausha dagaa Igombe, Mwanza, nauza soko la Mwaloni Kirumba. Nyuma ya vichanja vyangu kuna kibanda cha chai chenye televisheni moja, imewekwa juu ya friji, na mwenye kibanda haruhusu mtu aguse rimoti. Hapo ndipo nilipopotezea nauli ya fuso nzima.

Zilizagaa tetesi za utaratibu mpya wa vibali vya kusafirisha mzigo. Tukaambiwa kiongozi ataongea na waandishi wa habari saa nne kamili, mubashara. Nikaacha dagaa juani, nikaagiza chai ya rangi. Mpaka saa tano na robo kwenye kioo kulikuwa na meza tupu, chupa za maji na msitu wa vipaza sauti. Alipoingia akaanza kutambua uwepo wa fulani na fulani, akarudi nyuma kumtambua aliyesahaulika, ndipo akasema itifaki imezingatiwa. Hapo niko kikombe cha tatu. Akafungua karatasi, akaisoma neno kwa neno. Alipofika "kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa...", mtangazaji akadakia: tunarejea studio. Likaja tangazo la sabuni.

Kibanda kizima kikaapa ni mwezi unaofuata. Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haitoki, kwa hiyo hata mzigo wenyewe ulikuwa nusu. Nikakodi fuso hivyo hivyo hadi Dar, niwahi kabla utaratibu haujaanza. Usiku karatasi ikatua kwenye grupu letu: aya ya nne, utaratibu unaanza miezi mitatu mbele.

Ndiyo maana nasema, karatasi ile anayosomewa mwandishi mbele ya kamera iko tayari kabla ya kamera kuwashwa. Isubiri hiyo. Itafute kwenye tovuti au ukurasa wa taasisi yenyewe, siyo picha iliyokatwa kichwa na shemeji yako. Anza na tarehe ya barua, maana taarifa za mwaka juzi huzungushwa kama mpya, hasa zikihusu kufunga uvuvi. Kisha tafuta neno "kuanzia". Mengine utasoma ukishatulia.

Yapo mambo ambayo hata hayahitaji televisheni. Bei kikomo za mafuta EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huzitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali lina mstari wa Mwanza. Mwenye mashine ya mtumbwi anataka namba moja tu. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, ni hivyo hivyo: wewe unasikiliza asilimia za ufaulu kitaifa, jirani ameshafungua tovuti na kujua mwanawe kapata nini.

Kinachostahili kutazamwa ni maswali, na hapo ndipo vituo vingi hukata. Hata wasipokata, mwandishi anauliza bila kipaza sauti, sisi tunasikia jibu tu: "Nashukuru kwa swali hilo zuri." Zuri lipi? Mimi husubiri mkutano upandishwe YouTube, nauruka mpaka dakika za mwisho, bando langu linapona. Maswali yakikusanywa matatu kwa pamoja, hesabu majibu kwa vidole. Mara nyingi kidole kimoja kinabaki kimesimama, na hicho ndicho kilichokuwa na habari. Usipokuwa na simu ya hivyo, washa redio. Redio inakuacha na mikono yako.

Sisemi mikutano yote haina maana. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, hakuna aliyehesabu itifaki. Tulisimama pale kibandani kila kiongozi alipofungua mdomo, na siku mbili baadaye ilipotangazwa kwamba fundi wa kivuko ametolewa akiwa hai, watu wazima walilia. Habari ya namna hiyo huwezi kungoja karatasi.

Wiki iliyopita kijana wa kibandani kaja mbio: "Mama, wahi, anaongea saa nne kamili!" Nikamwambia aniletee chai hapa hapa kichanjani. Jua lilikuwa limeshika vizuri. Nimegeuza dagaa, nimewageuza tena, nimefunga gunia la kwanza, nikapaza sauti kumuuliza kasema nini.

"Bado hajaingia, mama."